MANU: chama cha Wamakonde kilichozaliwa upande wetu wa Ruvuma

Boom bado halijaingia, mihogo ya kuchoma inatuweka mjini, maisha yanaenda.

Wiki hii semina ya historia ilihusu vyama vya siasa vya majimbo kule India. Mwenzetu aliwasilisha habari za DMK, chama kilichoanzishwa Madras mwaka 1949 kutetea Watamili na lugha yao, na mwaka 1967 kikakiangusha chama cha Congress kwenye uchaguzi wa jimbo. Jamaa mmoja akadakia: "Huku kwetu vitu hivyo havijawahi kuwepo." Ubishi ukahamia hosteli mpaka saa sita usiku. Mimi nasema vimewahi kuwepo, tena kimoja kimetuhusu sana sisi watu wa kusini. Kinaitwa MANU.

Kirefu chake ni Mozambique African National Union. Hebu litazame hilo jina vizuri. Chama cha watu wa koloni la Mreno, lakini jina ni la Kiingereza, na limefuata TANU na KANU moja kwa moja. Jina lenyewe linakwambia chama kilizaliwa wapi: huku upande wa Mwingereza, kwa wahamiaji.

Kwa nini walihama? Mwaka 1886 Mjerumani na Mreno walikubaliana Ruvuma iwe mpaka. Wamakonde wakajikuta pande mbili, wengine uwanda wa Newala, wengine uwanda wa Mueda. Upande wa Mreno kulikuwa na kazi za shuruti, na kuanzia 1938 watu walilazimishwa kulima pamba kwa bei ya kupangiwa. Basi watu wakavuka mto. Wakaenda kukata mkonge Lindi na Tanga, wengine wakafika Zanzibar na bandari ya Mombasa. Huku waliitwa Wamawia, na jina hilo halikuwa la heshima hata kidogo. Ugenini huko ndiko walikoanzisha vyama vya kusaidiana, na ndani ya vyama hivyo siasa zikaanza taratibu.

Kisha ikaja Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya Mreno kusikiliza majibu ya madai yao. Miongoni mwa waliopeleka madai walikuwa Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotokea Tanganyika. Wakakamatwa, watu wakapandwa na hasira, askari wakafyatua risasi. FRELIMO ilikuja kusema waliokufa ni zaidi ya 500. Watafiti wa baadaye wametaja idadi ndogo zaidi. Hata hivyo, kwa Wamakonde siku ile ilimaliza mazungumzo na Mreno.

Mwaka uliofuata, 1961, vile vyama vidogo vya Tanganyika na Kenya viliungana rasmi kuwa MANU, rais akiwa Matthew Mmole. Dar es Salaam wakati huo kulikuwa na vyama vingine viwili vya Msumbiji: UDENAMO, kilichoanzia Rhodesia ya Kusini, na UNAMI cha watu wa Tete waliokuwa Nyasaland. Umeona mpangilio? Kila chama na upande wake wa nchi. Nyerere alitaka waungane, na tarehe 25 Juni 1962 ikazaliwa FRELIMO chini ya Eduardo Mondlane. MANU ikafa ikiwa bado changa. Mmole na wenzake hawakudumu ndani ya FRELIMO.

Chama kilikufa. Swali lake je? Ni nani anawasemea watu wa kaskazini?

Vita ilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, ilianzia Cabo Delgado, na Wamakonde waliibeba kwa damu. Kiongozi wao ndani ya FRELIMO alikuwa Lázaro Nkavandame, aliyewahi kuanzisha ushirika wa pamba. Alilalamika kwamba watu wake wanakufa huku wakubwa wakitoka kusini. Wenzake wakamjibu kwamba anatetea biashara zake na ukabila. Mwaka 1968 mgogoro ukafika hapa hapa Mtwara, Mondlane akaja kukutana naye pamoja na wazee wake. Hawakuelewana. Desemba mwaka huo kamanda Paulo Samuel Kankhomba akauawa kwenye kingo za Ruvuma. Januari 1969 Nkavandame akaondolewa madarakani, Februari 3 Mondlane akauawa kwa bomu la kwenye kitabu Dar es Salaam, na muda mfupi baadaye Nkavandame akajisalimisha kwa Mreno. Kwa hiyo sisemi kila anayesema "watu wangu" ni mkweli. Wengine wanasema "watu wangu" wakimaanisha mfuko wangu.

Sisi Tanzania tulifunga mlango huo kwa sheria. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, chama kinachotaka kutetea sehemu moja tu ya nchi kilikatazwa, na ili usajiliwe lazima uwe na wanachama kutoka mikoa 10 au zaidi, Zanzibar ikiwemo. Naielewa hofu hiyo, na kwa kweli imetusaidia. Lakini sheria inazuia chama, haizuii swali. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kuhusu gesi bila kuwa na chama chochote cha mkoa. Ng'ambo ya mto, tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imewaka moto, na Oktoba 2020 moto huo ulivuka mpaka kijiji cha Kitaya, mkoa wetu huu huu. Vijana wale hawana uhusiano na MANU. Ila wamepata wafuasi kwenye mkoa ulioanzisha ukombozi wa nchi nzima kisha ukabaki nyuma kwa umaskini.

Msimamo wangu basi ni huu: kuunganisha vyama ni kazi ya siku moja, watu wanasaini na kupigwa picha. Kuwasikiliza wa pembezoni ni kazi ya kila siku, na hiyo ndiyo iliyosahaulika baada ya 1962.

Mwenye babu au bibi aliyevuka Ruvuma miaka ile, amuulize mapema. Wanazidi kupungua. Tuonane wiki ijayo, boom likiingia.