Majina na Alama za Vyombo vya Upasuaji wa Mifugo: Mtazamo wa Kihistoria

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za upasuaji wa mifugo. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Vyombo vingi vya kazi hiyo vina asili yake katika karakana ya mhunzi na zizi la mfugaji, na majina kama kisu, koleo, wembe, sindano na mkasi yamekuwamo katika lugha kwa muda mrefu. Upungufu uko mahali pengine: jina moja hubebeshwa vyombo viwili au vitatu visivyofanya kazi moja. Makala haya yanafuatilia historia ya vyombo vichache ili kuonyesha kwamba alama za umbo ambazo kila chombo hutambuliwa kwazo ndizo msingi bora wa kukipa jina.

Yafaa kuanza na kutoa damu. Wamaasai na jirani zao humfunga ng'ombe ukanda shingoni hadi mshipa ututumke, kisha humpiga mshale mfupi uliozungushiwa kizuizi nyuma ya ncha, ili chuma kisizame kupita kiasi. Huko Ulaya, hadi karne ya 19, farasi walitolewa damu kwa chombo chenye ubapa mfupi uliosimama pembeni mwa mpini, nacho kiligongwa kwa kigongo. Jamii hizo hazikuigana, lakini zilifikia kanuni moja: chombo chenyewe ndicho kiwekacho mpaka wa kina cha jeraha. Atambuaye kizuizi hicho amekwisha tambua kazi ya chombo.

Chombo cha pili ni kile cha kumwokoa ng'ombe aliyefura tumbo. Kina sehemu mbili, yaani chuma chenye ncha na mrija unaokivika. Huchomwa ubavuni upande wa kushoto, nyuma ya mbavu, hadi ndani ya tumbo kubwa la kwanza. Kisha chuma huchomolewa na mrija hubaki ukitoa hewa. Kwa Kifaransa chuma hicho kiliitwa kwa jina lenye maana ya pande tatu, kwa sababu ncha yake ina makali matatu. Nao mrija ukapewa jina la Kilatini lenye maana ya mwanzi mdogo. Ni dhahiri kwamba neno letu mrija limebeba taswira ile ile. Hakuna haja ya kukopa kanula pale ambapo lugha imekwisha kuwa na neno lenye fikira hiyo hiyo.

Mkanganyiko mkubwa zaidi umo katika vyombo vyenye pete za vidole. Baada ya Joseph Lister kutangaza njia yake ya kuzuia uozo wa vidonda mwaka 1867, na hasa vyombo vilipoanza kuchemshwa, mipini ya mbao na pembe iliachwa, na vyombo vikawa vya chuma kitupu. Katika miaka hiyo hiyo Jules Péan wa Ufaransa na Spencer Wells wa Uingereza walieneza kibanio cha kufunga mshipa wa damu. Kibanio hicho hufanana sana na kishikio cha sindano ya kushonea, kwani vyote viwili vina meno ya kujifunga karibu na pete. Tofauti imo katika taya: za kibanio cha mshipa ni ndefu na nyembamba, zenye mistari iliyokingama, za kishikio cha sindano ni fupi na nene. Msaidizi aliyefundishwa kuviita vyote koleo atashika sindano kwa kibanio cha mshipa na kuzipinda taya zake. Siku nyingine mshipa utaponyoka, na mnyama atavuja damu.

Sindano nayo ina mzigo wake. Tangu Charles Pravaz na Alexander Wood walipotumia bomba la sindano mwaka 1853, neno hili limetaja chombo cha kushonea, chombo cha kudungia na hata dawa yenyewe. Lakini katika kushona peke yake kuna aina mbili zisizobadilishana: yenye makali matatu, ipenyayo ngozi ngumu, na ya mviringo, ifaayo utumbo. Ile ya kwanza ikitumiwa kwenye utumbo huuchana.

Mfano wa mwisho ni kuhasi. Neno hilo, pamoja na maksai, limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwitalia Napoleone Burdizzo alibuni koleo kubwa lenye taya butu, liiviazalo mishipa ya mbegu bila kuikata ngozi. Hivyo hapana kidonda cha kuingiza nzi wala pepopunda. Wafugaji wetu wamekiita burdizo. Jina hilo limemhifadhi mbunifu, lakini halisemi lolote juu ya taya butu, ambazo ndizo siri ya chombo.

Kutokana na mifano hii, hapana shaka kwamba kazi ya mwanaistilahi haianzii kwenye kamusi ya kigeni. Inaanzia kwenye sinia la vyombo, akiuliza ncha ina makali mangapi, taya ni ndefu au fupi, na kizuizi kiko wapi. Jina litakalojibu maswali hayo litamlinda mnyama kabla ya kuipamba lugha.