Mlango wa Nyuma wa Sintesaiza

Mwadui tunajua kuchuja. Tangu Dkt. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipoufikia mwamba wa almasi hapa mwaka 1940, kazi ya mji huu imekuwa ile ile: kuponda jiwe, kuliosha, kulipitisha kwenye machujio, kubakiza kidogo chenye thamani. Sintesaiza ya analogia huifanyia sauti jambo la namna hiyo. Ndani yake umeme hutetemeshwa mpaka utoe mlio mkali uliojaa mawimbi ya kila kimo, kisha kichujio huyaondoa yasiyotakiwa. Wengi wetu tukiiona tunaiita kinanda na kuishia hapo. Lakini baadhi ya mashine hizi zina tundu la kuingizia sauti ya nje: gitaa, tarumbeta, zeze, hata koo la mtu. Historia ya njia hiyo inatuhusu Waafrika kuliko vitabu vinavyokiri.

Inaanzia Cairo mwaka 1944, kabla sintesaiza yenyewe haijazaliwa. Halim El-Dabh, kijana aliyesomea kilimo, aliazima kutoka kituo cha redio chombo cha kunasa sauti kwenye waya wa chuma, akaenda nacho kwenye shughuli ya zaar, ambako wanawake huimba na kupiga ngoma ili kutuliza pepo. Msomaji wa pwani anayeijua ngoma ya pepo hahitaji kuelezwa zaidi. Aliporudi studio, El-Dabh aliipitisha ile rekodi kwenye vyumba vya mwangwi na vidhibiti vya umeme, akaondoa sehemu za sauti ya msingi na kuacha kivuli chake kikielea. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer alifanya kazi ya jamaa hiyo jijini Paris, na kwa muda mrefu hesabu ya muziki wa kunasa na kugeuza sauti ikaanza naye. Naona hiyo ni dhuluma, na nitaendelea kuisema. El-Dabh baadaye alifika kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1963, jijini Addis Ababa, alianzisha Orchestra Ethiopia, kundi lililoweka ala za makabila mbalimbali ya Ethiopia kwenye jukwaa moja.

Mashine zenyewe zilifuata. Robert Moog wa Marekani alitoa sintesaiza yake ya kwanza mwaka 1964, ikiwa makabati yaliyounganishwa kwa nyaya. Mwaka 1969 kampuni ya EMS ya London ikauza VCS3, na kijana aitwaye Brian Eno akaijulia matumizi ya ajabu. Katika bendi ya Roxy Music hakuwa mpiga kinanda hasa. Wenzake walipiga gitaa na saksafoni, yeye akaziingiza sauti zao kwenye mashine na kuzitoa zikiwa nyingine. Minimoog ya Moog, ya mwaka 1970, ina tundu la sauti ya nje mgongoni. Wapigaji walikuja kugundua kwamba ukitoa waya kwenye tundu la spika za masikioni na kuurudisha kwenye tundu la nyuma, mashine hujilisha yenyewe na sauti yake hunenepa na kukwaruza. Korg MS-20 ya Japani, mwaka 1978, ilikwenda mbali zaidi: ilijaribu kuusikiliza mlio unaoingia, kuujua kimo chake, na kuugeuza kuwa volti za kuiongozea mashine nzima.

Katika kuingiza sauti ya nje kuna mambo matatu ya kuelewa. La kwanza ni nguvu: ala ya mkono ikinaswa kwa maikrofoni hutoa umeme hafifu mno, kwa hiyo lazima ukuzwe kwanza, la sivyo mashine haisikii kitu. La pili ni kufuatisha: sehemu moja ya mashine hupima ukali wa pigo, na kipimo hicho ndicho kinachofungua na kufunga kichujio. Piga kwa nguvu, mlango unafunguka; piga taratibu, unabaki nusu. Basi mkono wa mpigaji ndio unaotawala. La tatu ni kuzidisha mlio kwa mlio. Ukiingiza sauti ya mitetemo 300 kwa sekunde na kuizidisha kwa 100 ya mashine, zinatoka 400 na 200, yaani jumla na tofauti, na kengele zisizokuwako zinaanza kulia.

Sasa chukua ilimba, ala ya ndimi za chuma ya Wagogo wa Dodoma. Juu ya sanduku lake kuna tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, ili kila pigo la kidole gumba litoke na mvumo. Mgeni akiusikia mvumo huo hudhani ala ina kasoro. Wenyewe wameuweka makusudi, na kwa kichujio mvumo ndio chakula, maana kichujio hakina cha kupunguza kwenye sauti nyembamba. Wazee wa Kigogo walikuwa wameshaigeuza sauti ndani ya ala yenyewe kabla waya wa umeme haujafika.

Kuna pia suala la milio. Wataalamu wa muziki wameonyesha kwamba ngazi ya Wagogo hufuata mitetemo ya asili: mlio wa msingi ukizidishwa mara 4, 5, 6, 7, 8 na 9. Ule wa mara 7 hauna kitufe chake kwenye kinanda cha kawaida. Huangukia baina ya vitufe viwili. Ndiyo maana kinanda kikiletwa kusindikiza ngoma zetu, mwimbaji ndiye anayelazimishwa kuhama. Tumeliona hilo tangu vinanda vya umeme vilipotawala taarabu ya kisasa miaka ya 1990, na tunalisikia leo katika nyimbo nyingi za Kisukuma zinazotengenezwa kwa kompyuta. Kichujio hakina vitufe. Hupokea milio kama ilivyo na kuirudisha ikiwa na rangi nyingine, na mwenye ala habadilishi hata ulimi mmoja wa chuma.

Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alipita karibu na njia hii ya kuingiza ala kwenye mitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya maisha marefu ya kupiga na kufundisha Bagamoyo, alitoa albamu ya *Assembly* pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji. Brook naye ni Mkanada, kama Williamson, na alikuwa ameshaunda gitaa linaloendelea kulia bila kukoma kwa nguvu ya umeme. Sauti ya Hukwe na ala zake zikakaa katikati ya mitambo ya studio. Hukwe alifariki Desemba 2003, lakini ukoo haukusimama. Mwanawe Msafiri alitoa *Uhamiaji* mwaka 2017, muziki wa Kigogo uliofumwa na sauti za kielektroniki, na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, wakatoa *Maisha* kwa jina la The Zawose Queens.

Wasiokuwa na studio nao walifika. Kinshasa, kundi la Konono N°1 la Mawangu Mingiedi lilitengeneza maikrofoni za likembe, ndugu ya ilimba, kwa sumaku za vipuri vya magari, likazipitisha kwenye vikuza sauti chakavu, na ule mkwaruzo ukawa sehemu ya muziki. Dunia iliusikia kwa upana miaka ya 2000. Wao walikuwa wakipiga tangu miaka ya 1960. Kampala, kundi la Nihiloxica limeziweka ngoma za Kiganda na sintesaiza jukwaa moja tangu mwaka 2017.

Vifaa havihitaji tena utajiri wa mgodi. Korg ilirudisha MS-20 kwa umbo dogo mwaka 2013, na sehemu yake ya kupokea sauti ya nje imo. Cha kunasia zeze ni kisahani chembamba cha pieso, kile kinacholia ndani ya saa za mezani, kikibandikwa penye kibuyu. Zeze la waya mmoja hupigwa kwa upinde unaoburuzwa, hivyo mlio wake ni mmoja kwa wakati. Ilimba inayopigwa kwa vidole gumba viwili huichanganya MS-20 inapotafuta kimo, zeze haliichanganyi. Ninachotaka kukisikia ni hicho: mzee wa zeze wa Kishapu, wilaya yetu, baada ya mavuno, wakati Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma, wanajiandaa kushindana, akishika upinde wake mwenyewe na milio yake mwenyewe, na kichujio kikifunguka kila anapoukaza mkono.