Udongo wa bustani yako uko na asidi? Namna ya kuupima nyumbani bila kujidanganya

Maharagi yanaota vizuri, kisha majani yanageuka manjano na mimea inabaki mifupi. Mulimaji anakopa franka, ananunua mbolea ya dukani, anaimwaga, na mavuno hayabadiliki. Kwenye milima ya Walungu na Kabare, Kivu ya Kusini, mara nyingi shida si mbolea kukosa. Ni udongo wenyewe, juu uko na asidi nyingi.

pH ni nini?

Asidi inapimwa kwa namba inayoitwa pH, toka 0 mpaka 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kama majivu na chokaa. Muangalie muzuri: kushuka namba moja ni asidi kuongezeka mara 10. Udongo wa 5 una asidi mara 10 kuliko ule wa 6.

Maharagi, mahindi na mboga nyingi zinapenda kati ya 5,5 na 7. Chini ya 5,5 aluminiamu iliyo ndani ya udongo inaanza kuyeyuka na kuharibu mizizi, na fosfori ya mbolea inafungwa, mimea haiipati. Muhogo unavumilia. Majani ya chai yenyewe yanapenda asidi. Ndiyo maana chai inakubali kwenye milima yetu. Kule Rutshuru, kwenye udongo mupya wa volkano, hali ni ingine. Kwa hiyo usifuate namba ya jirani, pima kwako.

Kuchukua udongo

Makosa mengi yanaanzia hapa. Chukua udongo nafasi 10 mpaka 15, ukitembea zigizaga, kina cha sentimeta 15 mpaka 20. Epuka penye mulikuwa mukichoma takataka, penye munamwaga majivu, na karibu na zizi. Bonde na mulima, pima mbali mbali. Changanya ndani ya beseni safi ya plastiki, anika kivulini, ponda, kisha chekecha.

Kupima

1. Tafuta karatasi za pH kwenye farmasi kubwa ao kwa wenye kuuza vifaa vya labo. Zile za kupima mukojo nyingi zinaanzia 5: udongo wa 4,5 utasoma 5 na utadanganyika. Omba zenye kuanzia 4 ao chini yake.
2. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke (*eau distillée*). Kwa wenye kuuza vitu vya batri, angalia wasikupe asidi ya batri, inachoma ngozi na macho. Ukikosa, kinga maji safi ya mvua, lakini si yale ya kwanza kutoka kwenye bati. Maji ya robine yanaweza kubadilisha jibu.
3. Weka kipimo kimoja cha udongo na vipimo viwili vya maji ndani ya glasi safi. Koroga, ngoja dakika 30, koroga tena, acha udongo utue.
4. Chovya karatasi kwenye maji ya juu, si kwenye matope. Soma rangi mchana, penye mwangaza, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.
5. Rudilia mara tatu. Kama majibu yanaachana zaidi ya 0,5, anza upya.

Kujua kama karatasi bado ni nzima, zijaribu kwenye maji ya ndimu: lazima zionyeshe asidi kali.

Na vinegre je?

Wengine wanamwaga vinegre juu ya udongo. Ikitoa povu, udongo uko na chokaa. Bikaboneti ikitoa povu kwenye udongo uliolowa, asidi ni nyingi sana. Lakini povu kukosa haimaanishi udongo ni muzuri. Maji ya shu nyekundu yanaonyesha mwelekeo tu, hayatoi namba. Na ile mita ya kuchoma udongoni, ya bei ndogo, usiitegemee peke yake.

Ukipata jibu

Ikiwa ni chini ya 5,5, chokaa ya shamba ao majivu ya kuni yanaweza kusaidia. Lakini pH peke yake haisemi kiasi: udongo wa mfinyanzi unaomba chokaa nyingi kuliko wa muchanga. Jaribu kwanza kwenye kitanda kimoja, acha kingine bila kitu, ulinganishe. Usichanganye chokaa na samadi siku moja, nguvu ya samadi itapotea hewani. Ikiwa ni 7 ao zaidi, usiongeze majivu.

Chokaa inaomba miezi kufanya kazi. Kwa hiyo pima kiangazi, mwezi wa 7 ao wa 8, mbele ya mvua ya mwezi wa 9. Kwa shamba kubwa, peleka udongo kwenye labo kabla ya kutosha pesa. Kisha andika namba na tarehe ndani ya kaye, upime tena mwaka ujao, mwezi ule ule na kwa maji ya namna ile ile.