Upendeleo wa Wanamichezo na Watoto wa Wahitimu katika Udahili wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Katika vyuo vikuu vya Marekani vinavyochuja waombaji kwa ukali, kama vile Harvard na Yale, makundi mawili yamezoea kupewa nafasi mbele ya wengine: vijana ambao wazazi wao walisoma chuoni hapo, na wanamichezo walioombewa nafasi na makocha. Upendeleo wa kwanza hurithiwa. Wa pili husemwa kuwa ni malipo ya jasho. Kwa sababu hiyo wengi huulaumu wa kwanza na kuutetea wa pili. Ushahidi, hata hivyo, unaonyesha kwamba aina zote mbili hufanya kazi moja: humwongezea mwenye nacho.

Upendeleo kwa watoto wa wahitimu ulipata sura rasmi katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo, aliyefaulu mtihani wa kuingia kwa kawaida alipokelewa. Kufikia mwaka 1922 Wayahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, walizidi moja ya tano ya wanafunzi wapya wa Harvard, na mkuu wa chuo, A. Lawrence Lowell, akataka idadi yao iwekewe kikomo. Kikomo cha waziwazi kilikataliwa, lakini fomu za maombi zikaanza kumuuliza mwombaji jina la ukoo la mama yake, na kama yeye au baba yake amewahi kubadili jina tangu kuzaliwa. Mwaka huohuo chuo cha Dartmouth kilitangaza utaratibu uliowapa uzito watoto wa wahitimu. Polepole mizani ikahama kutoka kwenye maksi na kwenda kwenye haiba, nasaba na umahiri wa viwanjani, yaani vitu ambavyo kamati inaweza kuvikadiria itakavyo.

Matokeo ya mfumo huo yalianikwa na kesi iliyofunguliwa mwaka 2014 dhidi ya Harvard na Students for Fair Admissions, kikundi kinachopinga kuzingatia rangi katika udahili. Mwanauchumi Peter Arcidiacono, shahidi mtaalamu wa upande wa walalamikaji, pamoja na wenzake walichambua takwimu za chuo zilizotolewa mahakamani. Kati ya wanamichezo walioteuliwa, asilimia 86 walidahiliwa. Watoto wa wahitimu, asilimia 33. Waombaji wa kawaida hawakufikia asilimia 6. Harvard humpa kila mwombaji alama ya taaluma, ambapo 1 ndiyo ya juu kabisa na 6 ya chini. Wanamichezo waliopata alama 4 walidahiliwa kwa kiwango cha watu 70 katika kila 100, ilhali wasio wanamichezo wenye alama hiyohiyo hawakufika hata mmoja katika kila 1,000. Zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliodahiliwa walikuwa wanamichezo, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo au vijana wa orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambayo huwahusu pia jamaa za wafadhili. Miongoni mwa Weusi, Walatino na Wamarekani wenye asili ya Asia, sehemu hiyo haikufika asilimia 16.

Mtetezi wa michezo atasema mwanamichezo hakupewa kitu na baba yake. Aliamka alfajiri akafanya mazoezi. Ni kweli, lakini swali ni nani aliyepata uwanja wa kulitolea jasho hilo. Harvard ina timu 42, zikiwamo za makasia, mashua za tanga, vitara, skwoshi na polo ya majini, michezo ambayo shule nyingi za serikali hazina na ambayo hudai ada ya klabu, kocha wa kulipwa na nauli za mashindano. Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wanaijua njia tofauti: Henry Rono wa Kenya alichukuliwa na Washington State, na Suleiman Nyambui wa Tanzania na chuo kikuu cha Texas kilichopo El Paso, kwa kasi ya miguu yao. Lakini vyuo vinane vya Ivy League, vikiwamo Harvard na Yale, vilikubaliana mwaka 1954 kutotoa ufadhili wa michezo, hivyo tuzo ni nafasi yenyewe. Nafasi hiyo ikapata soko. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Boston walimfichua William Singer, dalali aliyehonga makocha wa vyuo kadhaa ili watoto wa matajiri waorodheshwe kama wanamichezo. Wengine walipigwa picha wakiwa juu ya mashine ya kufanyia mazoezi ya makasia. Ulaghai huo uliwezekana kwa kuwa neno la kocha lilikuwa na nguvu kupita cheti cha darasani.

Hoja nyingine ni kwamba bila upendeleo kwa watoto wa wahitimu, michango ya wahitimu itakauka, na wanafunzi maskini watakosa ufadhili. Chuo kikuu cha Johns Hopkins kiliuacha kimyakimya mwaka 2014 na kutangaza hivyo mwaka 2020: watoto wa wahitimu walishuka kutoka asilimia 12.5 ya wanafunzi wapya mwaka 2009 hadi 3.5 mwaka 2019, na chuo hakikuanguka. Chuo cha MIT hakiwapi watoto wa wahitimu uzito wowote, na sifa yake haijapungua. Wapo pia wanaosema vijana wa makundi haya mawili wana vipaji ambavyo mitihani haivioni. Utafiti wa wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman, uliotolewa mwaka 2023, uligundua kwamba watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri zaidi huingia vyuo 12 vya juu kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao wa tabaka la kati wenye maksi zilezile, na kwamba nasaba na michezo ni miongoni mwa sababu kuu. Sifa hizo hazikuashiria mafanikio makubwa zaidi baada ya masomo, maksi ziliashiria.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuzingatia rangi katika udahili, lakini haikugusa nasaba wala michezo. Colorado iliondoa upendeleo kwa watoto wa wahitimu katika vyuo vya umma mwaka 2021. Mwaka 2024 California ilipitisha sheria inayouzuia hata katika vyuo binafsi. Upendeleo wa michezo haujaguswa na sheria hizo. Mageuzi yatakayomfungia mlango mtoto wa mhitimu na kumwachia wazi mpiga makasia wa klabu ya ada kubwa yatakuwa yamefanya nusu ya kazi, kwani mara nyingi wote wawili hutoka mtaa mmoja.