Kuokoka

Kuokoka, katika Ukristo, ni kutoka katika upofu wa kiroho, yaani kutoitambua dhambi wala neema, na kumwamini Yesu Kristo. Kielelezo chake kimoja ni kipofu aliyeponywa na Yesu katika Yohana 9: macho yalifunguka kwanza, imani ikafuata baada ya kuhojiwa na Mafarisayo na kufukuzwa.

Afrika Mashariki, dhana hii ilienezwa sana na Uamsho, vuguvugu la kiroho lililoshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, likapita Uganda hadi Bukoba, Tanzania. Alama zake ni toba ya hadharani, ushuhuda na kurudisha vilivyoibwa. Hii ya mwisho ina uzito wa pekee, kwa kuwa hata jirani asiyeamini aliweza kuithibitisha. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani 1977–1984, alilelewa na Uamsho huo.

Njia ya kufikia imani hufundishwa pia kwa namna nyingine. Katika kata ya Kivukoni, Dar es Salaam, Kanisa la Kilutheri la Azania Front hufundisha kuwa imani huzaliwa kwa Neno na sakramenti. Katika Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, mtu mzima asiyebatizwa hupitia ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho kabla ya ubatizo, na kwa kawaida hubatizwa mkesha wa Pasaka.