Ruta na Muziki wa Nyumbani

Mtu anayetaka kununua ruta ili muziki aliouhifadhi katika kompyuta yake usikike sebuleni, chumbani na barazani pasi waya kutambaa sakafuni, aghalabu huulizia kasi kwanza, na mwuzaji naye humsomea tarakimu zilizopigwa chapa juu ya boksi; ilhali historia ya vyombo hivi, kwa yeyote atakayeipitia kwa makini, yathibitisha kwamba muziki haukuhitaji kasi kubwa tangu hapo, bali ulihitaji mambo mawili ambayo boksi halikuyataja kamwe, nayo ni utulivu wa mawimbi na chombo kinachokubali kurekebishwa.

Asili ya jambo lenyewe ni idhini ya serikali. Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu masafa kadhaa ya redio yatumiwe na yeyote bila leseni, na miongoni mwayo yalikuwamo yale ya gigahezi 2.4, ambayo hayakuwa na thamani kubwa machoni pa wataalamu wa redio, kwa kuwa maikrowevu za jikoni hupashia chakula kwa mawimbi yayo hayo. Mwaka 1997 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikatoa kanuni ya kwanza ya mtandao usio na waya, 802.11, ambayo kasi yake haikuzidi megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikafuata 802.11b yenye megabiti 11, na mwaka huo huo Apple ikaleta AirPort, chombo kilichoyaingiza mawimbi hayo katika nyumba za watu wasiokuwa mafundi. Basi muziki ulipokuja kupitishwa humo, ulirithi masafa pamoja na aibu yake, na hata leo maikrowevu ikiwashwa karibu, wimbo ulio njiani waweza kukatika.

Natupige hesabu, maana hesabu ndiyo mizani ya mambo haya. Sahani ya CD hubeba sampuli 44,100 kila sekunde kwa upande wa kulia na idadi hiyo hiyo kwa upande wa kushoto, na kila sampuli ni biti 16. Jumla yake ni megabiti 1.4 na ziada kidogo. Kanuni ya 802.11b, ijapokuwa katika matumizi halisi ilipitisha takribani nusu tu ya kasi iliyotangazwa, ilikuwa na nafasi ya kuchukua sauti ya CD nzima isiyopunguzwa kitu, sembuse MP3 ya kilobiti 128. Mbona basi nyimbo zilikatika? Sababu ni kwamba barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna ajuaye, amma wimbo ukichelewa kiasi hicho, sikio limekwisha kuudhika.

Watengenezaji waliitibu adha hiyo kila mmoja kwa dawa yake. Kampuni ya Slim Devices ya California, aliyoiasisi Sean Adams, ilitoa SliMP3 mwaka 2001, nacho kilikuwa chombo kidogo kilichopokea muziki kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa Ethernet. Mwaka 2003 ikatoa Squeezebox, iliyoweza kupokea bila waya, na ikiweka kumbukumbuni akiba ya sekunde kadhaa za wimbo ili mawimbi yakiyumba msikilizaji asijue. Apple, mwaka 2004, iliingiza tundu la sauti ndani ya ruta yenyewe, AirPort Express, iliyochomekwa ukutani moja kwa moja. Sonos nayo, mwaka 2005, ikaunda mtandao wake yenyewe: kicheza muziki kimoja kikaungwa na ruta kwa waya, na vingine vikapokezana muziki baina yao bila kuitegemea ruta. Kwa maoni yangu, ushahidi mkubwa kuliko wote umo humo, kwamba waliolijua jambo hili kwa undani hawakuwa tayari kuikabidhi ruta ya kawaida sifa ya jina lao.

Hata hivyo ilikuwapo ruta moja iliyostahili heshima. Linksys ilitoa WRT54G mwishoni mwa mwaka 2002, yenye rangi ya buluu na nyeusi na antena mbili, ikitumia 802.11g ya megabiti 54 kabla kanuni hiyo haijapitishwa rasmi mwezi Juni 2003. Wadadisi waligundua kwamba ndani yake imo Linux, na leseni ya Linux humlazimu anayeisambaza atoe msimbo wake hadharani; msimbo ukatolewa mwaka 2003, na mwaka uliofuata ukazaa programu ya ruta iitwayo OpenWrt. Tangu hapo mwenye nyumba aliweza kuipa ruta yake programu mpya hata kama mtengenezaji amekwisha kuisahau. Linksys ilipokuja kupunguza kumbukumbu ya WRT54G mwaka 2005 na kuiondoa Linux, wapenzi walinung'unika, na kampuni ikaendelea kuwauzia umbo la zamani kwa jina la WRT54GL.

Enzi hiyo ilikuwa na mtego ambao wengi walinaswa nao: kicheza muziki cha 802.11b kikiingia katika mtandao wa 802.11g, ruta hulazimika kuwapunguzia mwendo wote ili mkongwe huyo asipitwe. Tena vicheza muziki kadhaa vya awali vilijua kufuli ya WEP peke yake, ambayo udhaifu wake ulidhihirishwa mwaka 2001, hivyo mwenye nyumba alichagua baina ya wimbo na usalama.

Squeezebox iliachwa kutengenezwa mwaka 2012, na ruta za AirPort mwaka 2018. Programu ya seva ya Squeezebox ingali hai mikononi mwa wapenzi wake, leo kwa jina la Lyrion, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi. Nakusihi basi, msomaji, unapochagua ruta kwa ajili ya muziki, uitazame kwanza kama ina matundu ya waya ya kutosha kwa vyombo visivyohamishwa, kama ina masafa ya gigahezi 5 kwa vilivyo karibu nayo, na kama programu yake itaendelea kutunzwa. Tarakimu ya kasi iangalie mwisho.