Kamera zilipoondoka ligini, Kiswahili cha soka kilihamia wapi?

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne akupe mfano wa sajili ya michezo, naye atakuandikia bila kusita: mpira uko kati, anamchenga beki, anaachilia mkwaju, gooool! Swali ambalo watahini wetu hawaulizi ni hili: hayo maneno aliyasikia wapi? Kitabuni hakuyatoa.

Sisi wa rika langu tuliyatoa redioni. Televisheni ya Sauti ya Kenya ilianza mwaka wa 1962, lakini huku Trans Nzoia na Bungoma waliokuwa nayo walikuwa wa kuhesabu. Redio ndiyo iliyofika hadi jikoni. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa aliyejiunga na kituo hicho mnamo 1964, alimtangaza winga anavyokimbia hadi ukahisi vumbi. Wasikilizaji wengi wa Kibomet walizungumza Kibukusu, Kisabaot au Kipokot nyumbani, na baadhi walijua Kiswahili cha sokoni tu. Mpira uliwafundisha Kiswahili cha haraka, chenye nyakati na hali zake zote, bila chaki wala kiboko.

Televisheni ilipoenea ilituletea Vitimbi na Vioja Mahakamani. Nilivipenda, bado navipenda. Lakini tazama jambo moja: humo, lafudhi ya mtu wa bara ilikuwa ya kuchekesha. Mzee Ojwang' mwenyewe alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo! Ule ni ufundi, siukatai. Ila mtoto akikisikia Kiswahili cha watu wa kwao kila mara kikichekwa, naye anaanza kukionea haya. Mpira haukuwa na kicheko hicho. Pale Kiswahili kilikuwa kazini.

Ndipo ikaja setilaiti. Kwa takriban miaka kumi SuperSport ya Afrika Kusini ilionyesha Ligi Kuu ya Kenya, na kwa mara ya kwanza tukawa tunaiona ligi yetu wiki baada ya wiki. Kwa kiasi kikubwa maikrofoni ilikuwa ya Kiingereza. Hata hivyo picha zilikuwa zetu, na pesa ziliingia klabuni. Halafu mwaka wa 2017 ukazuka mvutano: ligi iwe na timu 16 au 18? Shirikisho la FKF lilitaka 18, SuperSport ikavunja mkataba. Msimu huohuo ndio Nzoia Sugar ya Bungoma ilikuwa imetoka tu kupanda daraja. Yaani Bungoma inaingia kwa mlango huu, kamera zinatokea ule!

Jirani zetu walikuwa na mwendo mwingine. Azam TV ilianza Dar es Salaam mwishoni mwa 2013, ikaifanya ligi ya Tanzania kuwa nguzo yake pamoja na filamu na tamthilia za Kiswahili. Mwaka wa 2021 ilitia saini na shirikisho la huko mkataba wa miaka 10 wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Wenye hesabu watazungumzia pesa. Mimi nasikiliza maneno. Mtangazaji wa redio analazimika kukueleza mpira uko wapi. Wa televisheni hana haja hiyo, maana unauona. Basi ulimi wake unabaki na nafasi ya kuchezea lugha: beki anavishwa kanzu mpira ukimpita juu ya kichwa, anapigwa tobo ukimpita katikati ya miguu, mshambuliaji anacheka na nyavu. Na kile ambacho sisi tunakiita ofsaidi, wao wanakiita kuotea, neno la mwindaji anayevizia windo lake. Hilo peke yake linaeleza sheria nzima.

Leo ukipita Kitale siku Simba na Yanga wanapocheza, utawasikia vijana ambao hawajawahi kufika Dar wakibishana kuhusu watani wa jadi. Wenzangu kadhaa vyuoni wanalalamika kwamba Kiswahili cha Kenya kinamezwa. Sikubaliani nao. Neno zuri halina pasipoti. Tena sisi tuna letu ambalo naliona linashindana vizuri na lao: mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards tunaiita ya mashemeji. Mtanzania aliazima utani wa makabila, sisi tukaazima ndoa za Wajaluo na Waluhya. Kote kuwili uhasama wa uwanjani umetiwa ndani ya ukoo ili usiue mtu. Neno hilo halikutoka kwa kamati yoyote ya istilahi.

Mwaka wa 2023 FKF nayo ilitia saini mkataba wa miaka 7 na Azam, ligi yetu ikarudi kwenye skrini kupitia kituo cha jirani. Sina kinyongo. Kinachonishughulisha ni kwamba maneno ya uwanjani huzaliwa pale kamera inapokaa muda mrefu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ulipewa jina hilo mwaka wa 2020, na kitambo kidogo tu mashabiki wakaanza kusema "tunakwenda kwa Mkapa", kama wanaokwenda kumtembelea mzee nyumbani kwake. Kihusishi kimoja, *kwa*, kimegeuza saruji kuwa boma. Bungoma tuna uwanja wa Sudi, ambako Nzoia Sugar imekaribisha wageni wa ligi kuu. Sudi nalo ni jina la mtu. Miaka yote hii sijamsikia mtu akisema anakwenda kwa Sudi.